Kitabu Chenye Mizaha Mingi

Kwa miaka mingi pale shuleni kwetu Kasongo niliitwa Informatisie, yaani mtaalamu wa kompyuta, na cheo hicho nilikipata kwa kutoa karatasi iliyokwama ndani ya mashine ya kuchapia. Prefe, yaani mkuu wetu wa shule, alikuwa ameipiga mashine ile makofi asubuhi nzima. Mimi, mwalimu wa hesabu, nilifungua kifuniko cha nyuma, nikavuta karatasi, nikafunga. Walimu waliokuwepo waliniangalia kwa heshima. Tangu siku hiyo kila kitu chenye waya kilikuwa changu: redio ya Prefe, betri za sola, simu za wake wa walimu. Sikukataa. Mtu akikuvika kanzu usiyoishona, unanyoosha mikono tu.

Kwa hiyo vitabu vilipofika, hakuna aliyeuliza apewe nani.

Mwanafunzi wetu wa zamani anayeishi ng'ambo alituma katoni moja na ahadi moja. Katoni ilikuwa na vitabu vinne, vyote vya kuwafundisha wanaoanza jinsi ya kutengeneza tovuti. Ahadi ilikuwa kompyuta tatu, ambazo zingekwenda Kabambare, si kwetu, kwa kuwa yeye kwao ni Kabambare. Wakuu wa shule kadhaa za kule wangefungua chumba cha kompyuta na kumchagua mwalimu mmoja wa kukishika, kwa mkataba wa kudumu. Sisi wa Kasongo, kwa kuwa tunahesabiwa watu wa mjini, tuliombwa jambo moja tu: tuvipime vile vitabu, tuseme kipi kinafaa. Watahiniwa wangejifunza hicho, na mtihani ungetoka humo.

Mmoja wa watahiniwa nilimjua vizuri. Nilimfundisha hesabu akiwa msichana, akaolewa Kabambare, akawa mwalimu wa darasa la tatu. Alikuwa amefundisha miaka kumi na mmoja, na miaka yote hiyo jina lake halikuwahi kuingia kwenye orodha ya walimu. Kila Septemba aliambiwa asubiri. Mumewe alikuwa Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu, na alikuwa ameshamtumia neno: mwaka huu ukipita bila kazi ya kweli, funga nyumba, njoo tuuze chakula kwa wachimbaji. Yeye hakutaka. Alinipigia simu kutoka kilimani, mahali pekee kule penye mtandao.

"Mwalimu, hii ni ya mwisho," aliniambia. "Kama nakosa hii, naacha tablo na chaki, naenda kuchoma mikate kule kwa wachimbaji."

"Usiogope, Madame," nilimjibu. "Kitabu nitachagua miye mwenyewe."

Alinishukuru sana. Leo nikikumbuka shukrani ile, masikio yangu yanapata moto.

Maana lazima niseme wazi: sikuwahi kutengeneza hata ukurasa mmoja wa tovuti. Tovuti nilikuwa nimeziona kama nilivyoona ndege, zikipita, mimi nikiwa chini. Lakini kwetu kupima kitabu hakuhitaji ujue kilichomo. Kuna karatasi yenye safu: ganda la nje, maandishi, picha, lugha, adabu, na kama kinafuata programu ya masomo. Unaweka alama kila safu, unajumlisha, unatia sahihi, Prefe anapiga muhuri. Niliwahi kupima kwa njia hiyo kitabu cha ufugaji wa kondoo wa nchi za baridi, kikapata kumi na sita juu ya ishirini, na hadi leo hakuna aliyelalamika.

Kitabu cha kwanza kilikuwa na unene wa tofali, na juu ya ganda kilisema ni cha wanaoanza. Nilikipenda papo hapo, kwa sababu kitabu kinene kinajiheshimu. Ukurasa wa tatu kiliniambia nipakue programu fulani, kisha nirudi. Nilikwenda kwenye kona ya uwanja wa mpira, ambako simu hushika mtandao, nikapakua kwa siku mbili. Upakuaji ulifika asilimia nne, ukakata. Nikarudi kwenye kitabu, na ukurasa wa nne ukanipongeza kwa kumaliza.

Cha pili kiliapa kunifanya fundi wa tovuti kwa wiki moja. Jumatatu kilinisalimia vizuri. Jumanne kilitaka nifungue akaunti mahali fulani ambako mtandao wetu hauna njia ya kufika. Jumatano kilidhani nina kadi ya benki. Tuliachana Jumatano, kila mtu na safari yake.

Cha tatu kilikuwa kwa Kiingereza. Nilikipa sufuri kwa lugha na, ili nisionekane mwonevu, nane kwa ganda.

Kikabaki cha nne. Kilikuwa chembamba, kwa Kifaransa chepesi, na mwandishi wake alinikera kuanzia mstari wa kwanza. Aliniita "wewe" kwa Kifaransa kile cha watu waliokua pamoja, wala hatukukua pamoja. Halafu alikuwa anajicheka. Alisimulia jinsi ukurasa wake wa kwanza ulivyomharibikia mbele ya mama mkwe. Alisema kila mistari mitano yeye huweka kosa moja, na kwamba msomaji asiogope, atakosea pia. Mwalimu anakiri makosa yake mbele ya wanafunzi! Mimi nimefundisha miaka ishirini na sita, na sijawahi kukosea ubaoni. Kila mara nilipoonekana nimekosea, nilikuwa ninawapima kama wako macho.

Nilikuwa ninavisoma kwa sauti uani, mke wangu akichambua sombe, yale majani ya muhogo. Kwa vitabu vitatu vya kwanza hakuinua kichwa. Kwa kile cha nne alicheka hata majani yakamwanguka.

"Huyu mutu akija huku, nitamupikia," alisema. "Yule wa tofali apite tu."

Nilimwambia hii ni kazi ya sayansi, si ya kupikiana.

"Ndiyo," akasema. "Na huyu ndiye anajua kufundisha."

Nilitamani kumpinga, lakini kulikuwa na jambo moja lililonifunga mikono. Mazoezi yote ya kile kitabu yalifanyika ndani ya mashine yenyewe, bila mtandao hata kidogo. Kati ya vitabu vinne, ni hicho tu ambacho mtu wa Kabambare angeweza kukifuata bila kuhamia mji mwingine. Basi nikakipa kumi na moja juu ya ishirini, adabu nikiipa mbili, na chini nikaandika kwa mkono wangu mzuri: kinafaa, kwa sharti kwamba mizaha iondolewe.

Hapo lazima nieleze desturi yetu. Kwetu kitabu hakipewi mwanafunzi. Kitabu ni kimoja, na ni cha mwalimu. Mwanafunzi ana daftari na masikio. Kati ya kitabu na daftari kuna resime. Mwalimu anakikamua kitabu, anatupa makapi, anabaki na maelezo mafupi na mifano, na hayo ndiyo anayoyasoma polepole darasa likiandika. Mimi nilikuwa fundi wa resime. Kitabu cha historia cha kurasa mia mbili nilikitia katika kurasa kumi na nane, na wafalme wote walitosha.

Nikakikamua basi na kile. Mwandishi alipocheka, nilimruka. Alipoanza na "ngoja nikuambie siri", nilimruka. Mama mkwe nilimfukuza kila alipotokea, na alitokea mara nyingi. Lakini mifano niliinakili yote, alama kwa alama, kwa sababu kwangu mfano ni kitu kitakatifu. Zikatoka kurasa ishirini na mbili safi, zisizo na kicheko hata kimoja. Zilichapwa kwa sekretaria mmoja, mwenye kibanda cha kuchapia karibu na soko, nikatia sahihi kila ukurasa, Prefe akapiga muhuri kila ukurasa. Kitabu chenyewe akakifungia kabatini, maana ni mali ya shule na mali ya shule haitoki. Resime ikaenda Kabambare kwa pikipiki, ndani ya mfuko wa plastiki.

Miezi mitatu ilipita. Mara mbili au tatu Madame alinipigia kutoka kilimani. Alisema resime inaeleweka, anasoma watoto wakishatoka darasani. Siku moja tu aliuliza swali.

"Mwalimu, ule mufano wa sita ni vile kabisa?"

Sikuwa na resime mkononi, wala sikuona haja ya kuitafuta.

"Ni vile, Madame. Fuata resime."

Kukawa na mkwaruzo kidogo simuni. Nilidhani ni mtandao.

Wakati wa mtihani ulipokaribia, wakuu wa Kabambare waliniandikia kwamba nimeteuliwa kwenye juri. Prefe alifurahi kuliko mimi. Kwa heshima hiyo mali ya shule iliruhusiwa kutoka: alifungua kabati, akanikabidhi kitabu kama mtu anayemkabidhi bibi harusi, akasema nikibebe ili watu wa kule waone tulichokipima kwa macho yao. Barabara ya Kabambare ni matope na daraja za miti, na kila mtu aliyepita juu yake kwa pikipiki anajua kuna mahali unateremka ukasukuma na mahali unateremka bila kupenda. Mimi niliteremka bila kupenda mara moja, ndani ya dimbwi. Kitabu kilikuwa tumboni mwangu ndani ya koti, kikatoka kikavu. Ganda lake lilistahili alama zaidi ya nilizoliwekea.

Nilifika siku moja kabla ya mtihani, saa za alasiri, nikaenda moja kwa moja kumsalimia Madame. Alinipa maji ya kunawa, akaniletea ugali na samaki, na nilipomaliza kula akaweka daftari lake mezani nilione, kama alivyofanya zamani akiwa na miaka kumi na tano. Ile hati ilikuwa ileile, ya mviringo, isiyo na haraka. Resime yangu yote ilikuwa mle kwa wino. Nilikuwa nikigeuza kurasa kwa raha ya mtu anayesoma jina lake mwenyewe, hadi nilipofika mfano wa sita. Kando ya wino kulikuwa na alama ndogo kwa kalamu ya risasi. Nikaenda mbele. Mfano wa kumi na moja ulikuwa nayo. Wa kumi na tano pia.

"Hii kreyo ni ya nini?"

Alitazama chini.

"Ni miye tu, Mwalimu. Nilikuwa najaribu mu telefone."

"Unajaribu namna gani? Huku mtandao haiko."

Akachukua simu yake yenye kioo kilichopasuka, akanionyesha. Unaandika mistari yako humo, unaihifadhi, unaifungua, na simu inakuonyesha ukurasa, bila mtandao wowote. Nilimuuliza nani alimfundisha. Alisema hakufundishwa na mtu, aligusagusa tu hadi ikakubali. Baadaye niligundua kwamba jambo hilo lilikuwemo kwenye kitabu, ukurasa wa saba, ndani ya kisa cha mama mkwe na simu yake. Nilikuwa nimelikata.

Akafungua mfano wa sita kama nilivyouandika mimi. Kazi ya mfano ule ilikuwa kutengeneza neno moja ambalo ukiligusa linakupeleka kwenye ukurasa mwingine. Neno la namna hiyo lina alama ya kulifungua na alama ya kulifunga, na simu hulipaka bluu na kulipigia mstari ili ujue kwamba linagusika. Kwenye kioo chake si neno moja lililokuwa bluu. Ukurasa wote, kuanzia neno lile kwenda chini, ulikuwa bluu: salamu, majina ya wanafunzi, saa za masomo, hata nukta ya mwisho. Popote ulipogusa, ulipelekwa palepale.

"Nilisema telefone imeharibika," alinieleza. "Nikarudilia mara tatu. Halafu nikaweka ile alama ya kufunga, hii ya kreyo. Page ikapona."

"Sasa juu ya nini hukuniambia?"

"Nilikuuliza, Mwalimu. Ukasema nifuate resime." Hakusema kwa lawama. Alisema kama anayesoma orodha ya darasa. "Na miye nitakosoa mwalimu wangu na wino ya biki? Ndiyo maana niliweka kreyo. Kreyo inafutika."

Nikavuta kitabu kutoka kwenye mfuko wangu, nikatafuta ukurasa wa ishirini na tatu. Chini ya mfano wa sita kulikuwa na maneno niliyokumbuka vizuri kuyakata, kwa sababu yalianza na mama mkwe. Kwa Kiswahili ni kama hivi: "Mama mkwe wangu aliuona ukurasa wote ukiwa bluu akaniuliza kama nimeumwagia wino. Mfano huu nimeuharibu makusudi. Kuna mlango ulioachwa wazi mahali fulani. Utafute, uufunge, ndipo uende mbele." Na chini ya mfano wa kumi na moja na wa kumi na tano kulikuwa na maneno ya aina hiyo. Mwandishi aliharibu mifano mitatu ili msomaji aitengeneze, akaeleza hivyo kwa kicheko, nami nikatupa kicheko, nikabakiza uharibifu, nikauwekea sahihi na muhuri.

Niliona aibu. Sijui njia nyingine ya kulisema.

Kwake jambo halikuwa aibu, lilikuwa hesabu. Kesho juri ingekaa, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuandika mstari wa tovuti. Wangesahihisha kwa resime: kinachofanana na resime ni sawa, kisichofanana ni fote, na kila fote inakula alama mbili. Mwenye kuandika ukurasa mzima angepoteza. Mwenye kuandika ukurasa mgonjwa angeshinda.

"Kesho niandike gani?" aliuliza.

"Andika ile ya kweli. Miye niko mu juri. Nitasimama, nitasema resime ndiyo imekosea."

"Mbele ya watu wote?"

"Mbele ya watu wote."

Akapangusa meza ambayo tayari ilikuwa safi. "Aksanti, Mwalimu. Basi roho imetulia." Nikatoka pale nikijipenda kweli. Kuahidi ukweli ni kutamu kama kuusema, na hakuna gharama.

Asubuhi chumba cha mtihani kilijaa wazazi, walimu na watu wasiohusika. Kompyuta zilikuwa bado njiani, kwa hiyo mtihani wa kutengeneza tovuti ulifanywa kwa chaki. Ulifunguliwa kwa sala ya Kikristo na dua ya Kiislamu, ili upande wowote usije ukasema haukushirikishwa. Mwenyekiti wa juri, mkuu wa shule mwenye sauti ya kutosha viwanja viwili, akasimama kunitambulisha.

"Huyu ndiye mwenye resime," alisema. "Wengine wanasoma kitabu, kitabu inawashinda. Huyu ameshinda kitabu! Ametuletea akili yote, maneno ya bure ameachia huko!"

Watu walipiga makofi. Nikapewa kiti pekee chenye mikono. Wengine wa juri walikuwa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu.

Wa kwanza kuitwa alikuwa kijana kutoka Lusangi, aliyehifadhi resime yangu kama anayehifadhi sura za msahafu. Aliandika mfano wa sita na mlango wake wazi, bila wasiwasi. Wa kumi na moja vilevile. Wa kumi na tano alisahau nusu yake, akapata kumi na sita. Mwenyekiti alimsifu kwamba pale alipokumbuka, alikumbuka kabisa.

Kisha akaitwa Madame. Alikuwa amevaa kitenge chake cha siku kubwa. Aliandika polepole, mistari imenyooka utadhani amechora kwa rula, na mfano wa sita aliufunga. Wa kumi na moja aliufunga. Wa kumi na tano aliufunga. Nikauona ubao mzima ukiwa mzima, na nadhani mle chumbani tulikuwa wawili tu tuliouona hivyo.

Mwenyekiti alitembeza kidole kwenye resime yake, mstari kwa mstari, kidole kikasimama.

"Hapa ameongeza kitu. Haiko mu resime. Fote." Kidole kikaendelea. "Hapa pia. Fote." Kikaendelea tena. "Na hapa. Tunatoa mbili, mbili, na mbili." Kila mtu alijua kuhesabu: sita zikitoka, kijana wa Lusangi yuko mbele. Mwenyekiti akanigeukia. "Informatisie, wewe unasema nini?"

Vichwa vyote vikageuka.

Nilikohoa. Nimekifikiria kikohozi kile mara nyingi tangu siku hiyo, na sikuwa na mafua. Niliomba resime, kana kwamba siijui. Nikavaa miwani, nikaivua, nikaivaa. Kila ukurasa niliofungua ulikuwa na sahihi yangu chini ya muhuri, sahihi ishirini na mbili, zote zenye mkia mrefu. Sentensi niliyotakiwa kuisema ilikuwa na maneno mawili: resime imekosea. Nilikuwa nayo mdomoni. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi wangu sikujikwaa nao, niliumeza.

"Kwa upande mumoja," nikaanza, na nikasikia mwenyewe kwamba sina upande wa pili.

Madame alinitazama. Sikuona hasira machoni pake, na ningeipenda hasira kuliko nilichokiona. Kila mwalimu anaujua mtazamo ule. Ni ule unaomtazama nao mtoto aliyesahau jibu ubaoni, mkaguzi akiwa amekaa nyuma ya darasa, nawe unatafuta namna ya kumwokoa bila mkaguzi kujua.

"Musamaha, Chef," alimwambia mwenyekiti. "Ni miye nilichanganya."

Akaenda ubaoni. Hakutumia kitambaa, alitumia kidole, ili asichafue kilichobaki. Akafuta alama ya kufunga ya mfano wa sita, ya kumi na moja, ya kumi na tano. Akarudi nyuma hatua moja, akaangalia, akatikisa kichwa kukubali. Ubao ulikuwa sasa umefanana na resime yangu kabisa.

"Ah! Sasa ni sawa," mwenyekiti alisema kwa furaha ya kweli, maana naye alimpenda. "Nampa kumi na nane. Ishirini ni ya Mungu, munajua." Akaninyooshea mkono, huku akicheka. "Na kumi na tisa ni ya mwalimu!"

Watu walipiga makofi, na mimi nilipiga.

Madame alipata mkataba. Jina lake liliingia kwenye orodha, na mumewe kule Salamabila aliambiwa atafute mwingine wa kuwachomea wachimbaji mikate. Hilo ndilo lililokuwa la muhimu, nilijiambia njia nzima ya kurudi, mara kumi kwa kila daraja. Karibu na Kasongo ndipo liliponijia jibu ambalo lingetuokoa sote wawili bila kumvunjia mtu heshima. Ningesimama tu nikasema: nilitia makosa matatu makusudi, niwapime kama mko macho, na huyu peke yake ndiye yuko macho. Miaka ishirini na sita nimeusema uongo huo bila kigugumizi. Siku pekee ulipokuwa umekaribia kuwa kweli, sikuukumbuka.

Nilimweleza mke wangu. Alikuwa na sombe tena mbele yake.

"Na wewe ulisema nini?"

"Nilikohoa."

Aliendelea kuchambua majani. Alivyo mwepesi wa kucheka, siku hiyo hakucheka.

Prefe nilimwomba turekebishe resime. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema karatasi ikishapigwa muhuri haikosei, labda watu ndio wanaisoma vibaya. Nikamwachia resime yake. Nilimwomba ufunguo wa kabati badala yake, kwa kuwa kitabu kilikuwa kimerudi humo, na huo alinipa, akidhani natafuta karatasi za mashine ya kuchapia.

Maana Madame alikuwa amenipigia. Kompyuta zimefika, alisema, zote tatu zinawaka, na amewapa watoto mfano wa sita mzima, uliofungwa.

"Ile resime nimeiweka mu kabati, na heshima yote," aliniambia. "Sasa, Mwalimu, unisomee kitabu. Yote. Hata ya mama mukwe."

Picha za kurasa hazipiti kwenye mtandao wetu, lakini sauti inapita. Kwa hiyo kila Jumamosi nilisimama kwenye kona ya uwanja wa mpira na kitabu mkononi, yeye akiwa kilimani kwake na daftari jipya. Nilianza ukurasa wa kwanza. Nilisoma kila kicheko, kila siri, kila "wewe", kwa sauti ileile ninayosomea kanuni za hesabu, na wachezaji mpira walisimama kunisikiliza nikimwambia mtu asiyeonekana habari za mama mkwe wangu. Yeye alicheka mahali palepale mke wangu alipocheka. Jumamosi ya nne tukafika ukurasa wa ishirini na tatu.

Nilisoma kuhusu wino. Nilisoma kwamba mfano umeharibiwa makusudi. Nilisoma kuhusu mlango ulioachwa wazi.

"Ngoja, naandika," alisema. "Hii naweka na biki." Nikamsubiri. "Endelea."

"Na miye, Madame, niliharibu," nikasema. "Ile resime. Na ile siku ya juri niliogopa, nikakuacha peke yako kwa tablo. Haikuwa makusudi, lakini nilikuacha. Unisamehe."

Kukawa na mkwaruzo tena. Safari hii nilijua si mtandao.

"Hiyo iko mu kitabu?" aliuliza.

"Hapana. Hiyo ni yangu."

Nilisikia daftari likigeuzwa, upepo wa kilimani ukipiga kwenye simu.

"Basi nimeandika, Mwalimu," alisema. "Hiyo nimeweka na kreyo."